Ubao wa Tezi Ukioza, Badilisha Wote

Leo tutazungumza juu ya ubao mmoja tu. Ni ule ubao uliosimama wima nyuma kabisa ya boti, ambao mashine hufungwa juu yake. Mabaharia wa pwani huita sehemu ya nyuma ya chombo tezi, basi na sisi tutauita ubao wa tezi. Huenda msikilizaji wa Magarama, huku Gitega, Burundi, akauliza: mimi nakaa mlimani, ziwa liko mbali, boti inanihusu nini? Swali hilo ni la haki, na jibu lake liko sokoni. Ndagala, yaani dagaa, unaowanunua Gitega wametoka Ziwa Tanganyika. Kabla hawajapanda lori walibebwa na boti, na boti hiyo mara nyingi ilisukumwa na mashine iliyofungwa kwenye ubao ninaousema. Tena mti unaotoa ubao huo haukui majini. Unakua mlimani, unapasuliwa na mpasua mbao, unapigwa randa na seremala. Kwa hiyo mlaji, mpasua mbao, seremala na mvuvi, wote wamo katika habari hii. Nina neno moja la kuwaambia, na nitalirudia ili likae: ubao wa tezi ulioanza kuoza haubandikwi kiraka, hubadilishwa wote, tena mapema, wakati boti ingali nzima. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawajibu wale wasiokubaliana nami, maana wapo na hoja zao ni nzito.

Tuanze na kazi ya ubao wenyewe. Mashine ya nguvu za farasi 40 ina uzito unaopita kilo 70, na uzito huo haukai ndani ya boti. Unaning'inia nje, nyuma ya ubao. Boti ikiwa imetulia ufukoni, ubao unavumilia uzito tu. Lakini mashine ikishawashwa na kukazwa, mambo yanabadilika. Rafadha, yaani helisi, iko chini kabisa, zaidi ya nusu mita chini ya vibano viwili vinavyoshika ubao kwa juu. Ikisukuma mbele huko chini, mashine inaukandamiza ubao kuelekea ndani pale mguu wa kibano unapogusa, na papo hapo vibano vya juu vinauvuta ukingo wa ubao kurudi nyuma. Ni kazi ile ile ya nyundo yenye meno inapong'oa msumari: mkono unasukuma kidogo mwishoni mwa mpini, lakini pale kwenye meno nguvu ni nyingi. Sasa ongeza mawimbi. Katika miezi ya kiangazi upepo wa kusini unapolichafua ziwa, boti inapanda wimbi na kuanguka, na kila inapoanguka zile kilo 70 zinajaribu kuuvunja ubao upya. Na ubao wenyewe umeshikwa na nini? Umeshikwa kwenye kingo zake tu: chini kwenye mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, na kwenye mbao za sakafu, kando kwenye mbao za ubavu. Hakuna sehemu nyingine ya boti inayodaiwa kazi kubwa kiasi hicho huku imeshikwa kidogo kiasi hicho. Tulishike jambo hili kwanza, kwa sababu hoja zote zitakazofuata zinalitegemea: ubao wa tezi ndio unaobeba nguvu yote inayoiendesha boti.

Sasa tuulize: kwa nini ubao huo ndio unaooza mapema? Watu husema maji yanaozesha mbao. Hilo ni nusu tu ya ukweli. Kinachoozesha mbao ni kuvu, na kuvu inataka vitu vinne: chakula, ambacho ni mbao yenyewe, kisha joto, maji na hewa. Kikikosekana kimoja, uozo unasimama. Mbao kavu, ambayo unyevu wake uko chini ya asilimia 20, haiozi. Ndiyo maana boriti iliyo chini ya paa lisilovuja hudumu miaka na miaka. Mbao iliyozama moja kwa moja mahali pasipo na hewa nayo haiozi upesi. Mwaka 1987 huko Dufuna, kaskazini mashariki mwa Nigeria, mchungaji aliyekuwa akichimba kisima aliukuta mtumbwi uliozikwa katika udongo uliolowa kwa takriban miaka 8,000, na umbo lake la mtumbwi lilikuwa bado limehifadhika. Kwa hiyo hatari haiko kwenye ukavu wala kwenye kuzama. Hatari iko katikati, na ubao wa tezi uko katikati hasa. Unalowa asubuhi na kukauka nusu mchana. Mvua inajaa ndani ya boti na kukusanyika chini ya ubao huo. Matundu ya bolti yanapeleka maji hadi moyoni mwa ubao, na vichwa vya ubao, pale msumeno ulipokata nyuzi zake, vinanywa maji kwa haraka kuliko uso wake. Kisha kuna jambo linalotuhusu sisi watu wa maziwa: maji yetu hayana chumvi. Chumvi huizuia kuvu, na mafundi wa meli za zamani waliijua siri hiyo, wakaijaza chumvi kati ya mbao za meli ili zisioze. Mvuvi wa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, hana msaada huo. Anaepukana na wadudu wa baharini wanaotoboa mbao, lakini kuvu inamkuta bila kinga.

Je, utajuaje kwamba ubao umeoza? Hapa ndipo wengi hudanganyika, kwa sababu uozo huanzia ndani. Rangi inaweza kung'aa juu ya ubao ambao ndani yake umeshakuwa unga. Kikulacho ki nguoni mwako. Chukua nyundo ndogo ugonge ubao kuanzia juu hadi chini, hatua kwa hatua. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu, wa juu. Ubao uliooza hujibu kwa mlio mzito uliofifia, kama vile hausikii. Kisha chukua bisibisi nyembamba uikandamize chini karibu na mkuku na kuzunguka matundu ya bolti. Ikizama kirahisi bila kuzuiwa na mbao, umepata habari. Tatu, shika mashine kwa juu, iinue na kuisukuma, huku mwenzako akitazama kwa ndani. Ukingo wa ubao ukicheza, au ufa ukifunguka na kufunga kwenye pembe, ubao haushiki tena. Lakini kipimo kinachosema kweli kuliko vyote ni hiki: fungua bolti moja ya chini uitoe kabisa. Kama tundu ni kavu na vumbi lake lina rangi ya mbao na harufu ya mbao, shukuru Mungu. Kama yanatiririka maji ya kahawia, na ukipekecha tundu kwa waya zinatoka nyuzi laini zilizolowa, zinazokatika vidoleni kama majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa, basi huna haja ya kumwuliza mtu mwingine. Ubao huo umekwisha.

Hapo ndipo linapoanza bishano, na sasa niwasikilize wenye mawazo tofauti. Wa kwanza anasema: ubao ukilegea, tunapigilia bamba la chuma ndani na nje, tunakaza bolti ndefu, na boti inarudi kazini siku hiyo hiyo. Kwa nini nibomoe ubao mzima? Nakubali kwamba bamba lina faida yake. Likiwekwa juu ya ubao mzima, linatawanya mkandamizo wa vibano ili visiuchimbe ubao. Lakini juu ya ubao uliooza, bamba linafanya mambo mawili mabaya. Kwanza, linauficha ugonjwa, na ugonjwa usioonekana hautibiwi. Pili, linafungia maji kati ya chuma na mbao, mahali ambapo jua haliingii na hewa inaingia kidogo tu, kiasi kinachotosha kuvu. Umeijengea kuvu makao mazuri kuliko ya kwanza. Bolti utazikaza leo, wiki ijayo zimelegea tena, kwa sababu mbao laini inabonyea chini ya nati. Na kiraka cha kukata sehemu mbovu na kuingiza kipande kipya je? Kingefaa kama ubao huu ungekuwa ukuta wa banda. Lakini tulikwisha kusema: nguvu ya mashine inatoka kwenye vibano na kusambaa hadi kwenye kingo zote za ubao. Ukiweka kiungo katikati ya njia hiyo, umechagua mwenyewe mahali ubao utakapovunjikia. Tena kuvu haina mpaka unaoonekana kwa macho. Mbao inayoonekana nzima karibu na sehemu iliyooza mara nyingi imekwisha kuingiliwa. Na yule anayesema kwamba ameifunga mashine kwa mnyororo, vema, afunge. Mnyororo ni tahadhari nzuri. Lakini ubao ukivunjika, mnyororo utashika mashine tu, hautaziba nyuma ya boti iliyobaki wazi kwa mawimbi. Kumbukeni Tanganyika ni ziwa la pili kwa kina duniani, na mahali pake pa kina kirefu hupita mita 1,400. Kilichozama humo hakina wa kukizamia.

Wa pili anasema: boti yangu ni kuukuu, ina miaka mingi, si bora niitumie hivyo hivyo hadi ife, ninunue nyingine? Huyu namjibu kwa meli inayojulikana na kila mtu aliyewahi kufika Kigoma. MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikiitwa Graf von Götzen. Ilisafirishwa vipande vipande ndani ya masanduku hadi Dar es Salaam, ikapandishwa treni hadi Kigoma, ikaunganishwa huko na kuingizwa majini mwaka 1915. Mwaka 1916, wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani wenyewe waliizamisha ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka mitambo yake grisi. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, na mwaka 1927 ikaanza tena kusafiri kwa jina la Liemba. Iliendelea kubeba watu na mizigo kwa vizazi, na mwaka 2015 ikawabeba hadi Kigoma Warundi waliokuwa wamekimbilia Kagunga, upande wa Tanzania. Meli hiyo ni ya chuma, si ya mbao, lakini funzo ni lile lile: umri wa chombo hauhesabiwi kwa miaka ya kuzaliwa kwake, unahesabiwa kwa uzima wa mifupa yake na kwa uangalifu wa wanaokitunza. Kwa hiyo swali la kuuliza si boti ina miaka mingapi. Uliza: mkuku ni mzima? Mataruma, yaani mbavu za ndani, ni mazima? Vichwa vya mbao za sakafu na za ubavu, pale vinapopigiliwa kwenye tezi, vingali vigumu? Kama ndiyo, boti yako si kuukuu; ina ubao mmoja uliochoka. Kama sivyo, na uozo umeshaingia kwenye mkuku na mataruma, basi hapo nakubaliana nawe: usitie ubao mpya kwenye mifupa iliyokufa. Lakini uozo wa ubao wa tezi ukiachwa ndio unaotembea hadi kwenye mkuku. Anayechelewa kubadilisha ubao mmoja anaiua boti ambayo ingepona.

Wa tatu anasema neno linalouma zaidi: sina fedha, na sina siku za kukaa bure. Familia inakula kwa kile kinachotoka ziwani usiku huu. Ndugu mvuvi, sikubezi hata kidogo. Najua ndagala hawamsubiri mtu. Lakini tuhesabu pamoja bila tarakimu. Katika boti yenye mashine, kitu cha bei kubwa kuliko vyote mara nyingi ni mashine. Ubao wa tezi ni sehemu ndogo ya gharama ya boti, na ndio unaoishikilia hiyo mali kubwa isizame. Kuacha ubao mbovu ili kuokoa bei yake ni kuiweka rehani mashine, boti na roho za watu. Na kuhusu siku, ziwa lenyewe linakupa nafasi. Uvuvi wa ndagala ni wa taa, na taa hazifai kitu mwezi unapong'aa. Kila mwezi mpevu, boti zinapanda mchangani kwa siku kadhaa. Siku hizo hazitoshi kwa kazi yote, lakini zinatosha kukagua, kupima, na kumwagiza fundi ubao mapema. Zaidi ya hapo, nchi nne zinazolizunguka ziwa zimekubaliana juu ya kulipumzisha. Mwaka 2024 Tanzania ilifunga uvuvi upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti. Angalieni miezi hiyo: ni kiangazi. Ndiyo miezi ambayo mbao hukauka, gundi hushika na rangi hukaa. Ziwa linapopumzika, fundi apate kazi. Boti inayokaguliwa wakati wa mwezi mpevu na kutengenezwa wakati wa kiangazi haipotezi hata usiku mmoja wa samaki.

Wa nne anasema: enzi ya mbao imepita, tununue boti za faiba. Ni kweli kwamba faiba ina sifa zake, na serikali ya Tanzania imekuwa ikiwakopesha wavuvi boti za namna hiyo. Lakini ndugu msikilizaji, umewahi kuuliza ndani ya tezi ya boti ya faiba kuna nini? Katika boti nyingi za faiba mna plaiwudi. Mtengenezaji huweka tabaka la faiba kwa nje na jingine kwa ndani, na katikati hutia mbao ili vibano vya mashine vipate cha kushika. Maji yakiingia kwa tundu la bolti, yanakaa humo bila pa kutokea, na mbao inaoza gizani huku boti kwa nje inameremeta. Kwa hiyo aliyehamia kwenye faiba hajaukimbia ubao wa tezi, amehama nao. Yako pia majaribio ya kuacha mbao kabisa. Huko Lamu, chini ya fundi mkuu Ali Skanda, lilijengwa jahazi liitwalo Flipflopi kwa plastiki iliyookotwa fukweni. Lilishushwa majini mwaka 2018, na mwaka 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Ni kazi ya kupigiwa makofi, na huenda siku moja ubao wa plastiki ukafika katika maziwa yetu kwa bei ya mtu wa kawaida. Siku hiyo ikifika nitafurahi. Lakini boti zilizo mchangani leo ni za mbao, na mvuvi hawezi kufunga mashine yake kwenye ahadi.

Wa tano, na huyu huenda yuko Magarama, anauliza: milima yetu imekwisha kunyolewa miti, nawe unatuambia tukate mbao mpya badala ya kubandika? Hoja hii naiheshimu. Lakini hesabu inamgeuka. Ubao mmoja unaobadilishwa kwa wakati unaokoa mbao zote nyingine za boti, yaani unaokoa miti. Boti inayokufa kwa sababu ya tezi inadai boti nzima mpya, na hiyo ndiyo inayomaliza msitu. Linalotakiwa ni kuchagua mti vizuri, na hapa watu wa mlimani wana kazi yao. Mafundi wa pwani na wa maziwa wanausifu mvule na mninga, na wana haki: kiini cha miti hiyo hukataa kuvu. Nasema kiini, ile mbao nyeusi ya ndani, kwa sababu ile nyeupe ya nje huoza upesi hata kama mti ni mvule. Mkaratusi uliojaa milimani kwetu una kiini kigumu pia, ila ukipasuliwa mbichi na kupigiliwa mbichi, hupinda na kupasuka. Mpasua mbao anayemwuzia mvuvi ubao uliokatwa wiki iliyopita anamwuzia matatizo. Ubao wa tezi unataka kukaushwa kivulini, ukiwa umetandikwa juu ya vipande vya mbao ili hewa ipite chini na juu, kwa miezi, si kwa siku. Seremala wa Gitega anayetengeneza milango anaijua kanuni hii. Basi aitumie na kwa mbao zinazoshuka ziwani.

Tumewasikia watano, na tumewajibu. Sasa tuseme kwa kifupi kazi yenyewe inavyokwenda, ili mwenye boti ajue anamwagiza fundi nini. Jambo la kwanza: usibomoe kabla ya kupima. Ubao wa zamani, hata ukiwa umeoza, bado unatunza umbo la boti. Fundi mzuri huchora umbo lake kwenye karatasi ngumu au plaiwudi nyembamba, anapima mwinamo wake, na kabla ya kuutoa anafunga mbao za muda toka ubavu hadi ubavu, ili ubavu usifunguke tezi ikitoka. Pia anapima kimo. Mashine za mguu mfupi zinataka ubao wenye kimo cha takriban sentimita 38 kutoka chini hadi ukingo wa kibano, na za mguu mrefu takriban sentimita 51. Ubao ukizidi, rafadha inashika hewa. Ukipungua, mashine inakokota maji na boti inachoka. Jambo la pili: toa uozo wote. Vichwa vya mbao za ubavu vichongwe mpaka kwenye mbao ngumu, na mahali pote paachwe pakauke kabisa kabla ya kitu kipya kuingia. Jambo la tatu: ubao mpya uwe mnene wa kutosha vibano kuushika barabara. Ukiwa wa plaiwudi, iwe ile ya majini, tabaka mbili au zaidi zilizounganishwa kwa gundi ya epoksi. Ukiwa mbao nzima, uwe kiini kikavu. Jambo la nne, ambalo ndilo linalosahaulika zaidi: ziba vichwa vya ubao na matundu ya bolti. Toboa tundu kubwa kuliko bolti, lijaze epoksi, iache igande, kisha toboa tena katikati yake tundu la kipimo cha bolti. Kwa njia hiyo bolti inapita ndani ya epoksi, haigusi mbao, na maji hayana mlango. Viungo vitiwe kalafati ya pamba na kuzibwa vizuri. Mwisho, boti ikikaa ufukoni iinamishwe kidogo na kizibo cha nyuma kifunguliwe, ili mvua itoke badala ya kulala chini ya tezi.

Mtaona kwamba hakuna uchawi katika hayo, wala kitu ambacho mafundi wetu hawakiwezi. Kinachopungua ni desturi ya kukagua. Boti ikizama, tunalaumu upepo, tunalaumu mzigo uliozidi, tunamlaumu nahodha. Mara nyingi lawama hizo ni za haki. Lakini ni wangapi wanaouliza habari za ubao? Vyama vya wavuvi vinaweza kulibadilisha hili bila kungoja mtu. Vikubaliane kwamba kila kiangazi kila boti ya mwanachama inagongwa nyundo na kufunguliwa bolti moja ya chini mbele ya mwenzake. Viweke akiba ndogo ya faranga kutoka kila msimu kwa ajili ya mbao, ili mwenye ubao mbovu akope, atengeneze, alipe samaki watakaporudi. Na wenye boti za abiria nawasihi zaidi, kwa sababu mvuvi anaijua boti yake, lakini mama aliyepanda na mtoto mgongoni haijui. Amewaamini nyinyi.

Basi narudia, wasikilizaji, kama nilivyoahidi. Ubao wa tezi unabeba nguvu yote ya mashine. Unaoza kutoka ndani, mahali macho hayafiki. Kiraka kinaficha uozo, hakiuponyi. Na mifupa ya boti ikiwa mizima, ubao mmoja mpya unairudishia boti kuukuu miaka yake. Mwenye boti anayenisikiliza sasa, usingoje ukingo uanze kucheza. Mwezi utakapokuwa mpevu na boti ikiwa mchangani, chukua spana, fungua bolti moja ya chini, utazame kinachotoka. Kikiwa kikavu, rudisha bolti yako uende kwa amani. Kikiwa cha kahawia na kimelowa, mashine hiyo isirudi majini mpaka ubao umebadilishwa wote.